Fomula Moja, Majibu Matatu: Usanifishaji wa Maktaba za Hisabati katika Lugha za Programu na Maana Yake kwa Huduma za Afya

Utangulizi

Kila siku, katika zahanati, hospitali na maabara, kompyuta hukokotoa kwa niaba yetu: kasi ya figo kuchuja damu, dozi ya dawa kwa uzito wa mtoto, mwenendo wa wingi wa virusi, wastani wa vipimo vya udhibiti wa ubora. Mhudumu huingiza namba, kioo huonesha jibu, na jibu hilo huandikwa katika faili la mgonjwa. Ni nadra mtu kuuliza limepatikanaje, kwa kuwa wengi wetu tunaamini kwamba hisabati ni moja duniani kote na kwamba kompyuta haikosei hesabu. Imani ya kwanza ni sahihi. Ya pili inahitaji maelezo, na maelezo hayo ndiyo madhumuni ya makala haya.

Tuanze na mfano ambao msomaji anaweza kuukokotoa mwenyewe. Chukua mwanamke wa miaka 62, mwenye kisukari, anayetumia metformini. Kreatinini katika damu yake ni mikromoli 119 kwa lita. Fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021, inayotumika kukadiria kasi ya figo kuchuja damu, inataka kreatinini iandikwe kwa miligramu kwa desilita. Hivyo 119 hugawanywa kwa 88.4. Programu inayobeba tarakimu zote hadi mwisho wa hesabu hutoa jibu la 44.59. Programu ya pili, ambayo mwandishi wake aliona ni vyema kreatinini isomeke kwa nafasi mbili za desimali, huifanya kwanza kuwa 1.35, kisha hutoa 44.4. Ya tatu, inayokadiria hadi nafasi moja tu, huifanya 1.3 na kutoa 46.5. Zikitakiwa kuandika namba nzima, ya kwanza itaandika 45, ya pili 44, na ya tatu 46 au 47 kutegemea inavyokadiria. Na kama ya kwanza imeandikwa ili ikate desimali badala ya kuzikadiria, nayo pia itaandika 44.

Tofauti hiyo ingekuwa ndogo kama isingekuwa 45 ni mpaka. Kuanzia 45 hadi 59 ugonjwa sugu wa figo huwekwa katika hatua ya 3a. Kuanzia 30 hadi 44 huwekwa katika hatua ya 3b. Chini ya 45 dozi ya metformini hupitiwa upya, na chini ya 30 dawa hiyo haitakiwi kutumika. Mwanamke yule ni yule yule, damu ni ile ile, na fomula ni ile ile. Kilichobadilika ni uamuzi wa mwandishi wa programu ambaye pengine hajawahi kumwona mgonjwa wa figo.

Kwa haki, ni lazima tuseme kwamba figo yenyewe haijui tofauti ya 44 na 45. Kreatinini ya mtu mmoja hupanda na kushuka kidogo kila siku, na fomula yenyewe ni makadirio. Hakuna tabibu makini anayebadili dawa kwa sababu ya namba moja. Lakini mgonjwa huyo akipimwa leo katika kituo kinachoandika 46 na miezi mitatu baadaye katika kituo kinachoandika 44, mabadiliko yataonekana mahali ambapo hayapo. Ataambiwa figo zimeshuka, naye atabeba hofu hiyo nyumbani.

Maktaba ya hisabati ni nini?

Wasomaji waliopitia shule za sekondari wanakumbuka kitabu cha majedwali ya tarakimu nne. Mwanafunzi hakukokotoa logi ya 2.37 mwenyewe, aliifungua katika kitabu. Kwa kuwa darasa zima lilitumia kitabu kile kile, majibu yalifanana, hata katika tarakimu ya mwisho iliyokuwa imekadiriwa. Mwalimu aliyesahihisha alitarajia jibu la kitabu.

Maktaba ya hisabati katika lugha ya programu inafanya kazi ya kitabu hicho. Ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa na wataalamu: kipeuo cha pili, kipeo, logi, sini, kosini, kukadiria, wastani. Mwandishi wa programu ya hospitali haandiki upya namna ya kupata kipeo cha -1.2, ambacho fomula ya figo inakihitaji. Anaiita amri hiyo kutoka katika maktaba na kupokea jibu. Kusanifisha maktaba ni kukubaliana juu ya mambo matatu: amri zipi lazima ziwepo, kila jina lina maana gani, na jibu linatakiwa kuwa sahihi kwa kiasi gani. Pale makubaliano hayo yasipokuwepo, kila darasa huwa na kitabu chake.

Hesabu za msingi

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, hali ilikuwa hivyo hasa. Kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na namna yake ya kuhifadhi namba za desimali na ya kukadiria, na programu iliyohamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine iliweza kutoa jibu jingine. Mwaka 1985 kilitolewa kiwango kinachojulikana kama IEEE 754, ambacho msukumo wake mkubwa ulitoka kwa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1989 alitunukiwa Tuzo ya Turing kwa kazi yake katika hesabu za kompyuta. Kiwango hicho kilitamka kwamba kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili lazima vitoe jibu lile ambalo lingepatikana kama hesabu ingefanywa kwa tarakimu zisizo na kikomo, kisha ikakadiriwa mara moja tu mwishoni. Maneno “mara moja tu mwishoni” yanastahili kukaririwa na kila anayeandika programu ya kitabibu. Tumeona katika mfano wa kreatinini kinachotokea yasipozingatiwa.

Kiwango hakiondoi kasoro moja ya asili. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili, 0 na 1, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika desimali zetu: 0.333 na kuendelea. Kwa hiyo 0.1 ndani ya kompyuta si 0.1 kamili. Ijumlishe mara kumi, na lugha nyingi zitatoa 0.9999999999999999 badala ya 1. Programu ya pampu ya dawa inayoongeza mililita 0.1 na kusubiri jumla iwe sawasawa na 1 inaweza isione alama hiyo kamwe. Madhara ya kasoro ya aina hii yalishuhudiwa nje ya hospitali. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulishindwa kuzuia kombora, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa tarakimu chache mno, na baada ya saa zipatazo 100 za kufanya kazi bila kuzimwa ilikuwa imepotoka kwa takriban theluthi moja ya sekunde.

Amri kama logi, sini na kipeo zilibaki nje ya sharti la 1985, na sababu yake ni ya kihisabati kabisa. Ili kukadiria jibu kwa usahihi katika tarakimu ya mwisho, wakati mwingine unahitaji kujua tarakimu nyingi zaidi zinazofuata, wala huwezi kujua mapema ni ngapi. Kahan aliuita mtanziko wa mtengeneza majedwali, kwa kuwa walioandaa vile vitabu vyetu vya shule walikutana nao kwanza. Marekebisho ya kiwango ya mwaka 2008 yalipendekeza usahihi kamili kwa amri hizi bila kuulazimisha. Watafiti wa Ufaransa, miongoni mwao Paul Zimmermann wa taasisi ya Inria, wameonesha tangu wakati huo kwamba amri nyingi za aina hii zinaweza kutoa jibu lililokadiriwa sawasawa bila kupunguza sana kasi ya kompyuta.

Java: lugha iliyoahidi jibu moja kila mahali

Lugha ya Java inatuhusu kwa karibu. Mfumo wa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika kukusanya takwimu za afya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine nyingi, umeandikwa kwa Java. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotumika Eldoret tangu 2006, nao umeandikwa kwa Java.

Java ilipotolewa mwaka 1995 iliahidi kwamba programu ikiandikwa mara moja itafanya kazi ile ile kwenye mashine yoyote. Ahadi hiyo ilikumbana na vifaa. Vichakataji vya Intel vya wakati ule vilifanya hesabu za desimali ndani yake kwa biti 80, ilhali Java ilitaka 64. Kuvilazimisha kufuata Java kuliwapunguzia kasi. Mwaka 1998 wasimamizi wa lugha walilegeza sharti: programu iliruhusiwa kutumia upana wa ziada, na aliyetaka jibu lisilobadilika aliandika neno maalumu la kulidai. Kwa amri za logi, sini na kipeo, lugha ilipata maktaba mbili. Moja ni ya kasi, nayo inaruhusiwa kukosea kidogo katika tarakimu ya mwisho kabisa. Nyingine ni kali, nayo lazima itoe jibu lile lile, biti kwa biti, kama la maktaba iitwayo fdlibm, ambayo Sun Microsystems iliiandika na kuitoa bure. Vichakataji vilipobadilika, sababu ya kulegeza ilitoweka, na toleo la 17 la mwaka 2021 lilirudisha sharti la awali kwa hesabu zote za msingi. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kurudi pale walipoanzia, na kwa maoni yetu ilistahili.

Hata maelezo rasmi yanaweza kukosea. Amri ya Java ya kukadiria hadi namba nzima ilielezwa zamani kuwa ni kuongeza nusu kisha kukata desimali. Inaonekana sahihi kwa mtoto wa shule ya msingi. Lakini namba 0.49999999999999994, iliyo chini ya nusu kwa unyoya tu, ikiongezwa nusu ndani ya kompyuta hukadiriwa kuwa 1 kamili. Toleo la 6 lilijibu 1 mahali ambapo jibu ni 0. Toleo la 7 likasahihisha.

Jina moja, maana mbili

Yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu zaidi tarakimu ya kumi na sita. Wanahisabati wa kompyuta wameipigania tarakimu hiyo kwa miaka 40 na kwa sehemu kubwa wameshinda. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba hatari kubwa kwa mgonjwa wetu haipo tena huko. Ipo katika majina.

Neno logi ni mfano wa kwanza. Wingi wa VVU wa nakala 1000 kwa mililita, ambao Shirika la Afya Duniani limeutumia kama kigezo cha kutambua kushindwa kwa matibabu, ni 3 kwa logi ya kizio cha kumi. Andika LOG(1000) katika Excel na utapata 3. Andika amri yenye jina hilo hilo katika R, Python, Java au C na utapata 6.9, kwa sababu katika lugha hizo jina hilo ni la logi asilia. Hakuna kati yao iliyokosea. Kila moja inafuata kiwango chake. Mabadiliko ya 0.5 katika logi ya kumi ni ongezeko la takriban mara tatu, na huchukuliwa kuwa mabadiliko ya kweli ya virusi. Mabadiliko ya 0.5 katika logi asilia ni ongezeko la mara 1.65 tu. Mtafiti anayehamisha fomula yake kutoka Excel kwenda R bila kubadili jina la amri anaweza kuripoti kupanda kwa virusi kwa wagonjwa ambao hawana tatizo lolote.

Kukadiria ni mfano wa pili. Shuleni tulifundishwa kwamba nusu hupandishwa: 2.5 huwa 3. Excel hufanya hivyo. R na Python, tangu toleo lake la 3 la mwaka 2008, huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo jirani, hivyo 2.5 huwa 2 na 3.5 huwa 4. Utaratibu huu si uzembe. Chukua 0.5, 1.5, 2.5 na 3.5, ambazo jumla yake ni 8. Ukizipandisha zote unapata 1, 2, 3 na 4, yaani 10. Ukizipeleka kwenye namba shufwa unapata 0, 2, 2 na 4, jumla 8. Kwa takwimu za wilaya nzima utaratibu wa pili ni wa haki zaidi. Kwa mgonjwa mmoja mwenye 44.5 kamili, utaratibu wa kwanza unamweka katika hatua ya 3a na wa pili katika hatua ya 3b. Na mwenye 14.5 anaangukia upande huu au ule wa mpaka wa hatua ya 5, ambako mazungumzo juu ya usafishaji damu huwa mazito. Ajabu zaidi, ndani ya Excel yenyewe, amri ya kukadiria iliyo kwenye jedwali hupandisha nusu, na yenye jina hilo hilo katika lugha yake ya ndani ya programu huipeleka kwenye namba shufwa. Wasanifishaji wa Java walikiri kwamba hakuna njia moja inayofaa kazi zote: kwa namba za desimali kamili, lugha hiyo inatoa njia saba za kukadiria, na ya nane inayokataa kabisa na kutangaza kosa iwapo ukadiriaji unahitajika. Hiyo ya nane ndiyo inayofaa kuanza nayo mtu anayeandika programu ya dozi.

Mkengeuko sanifu, unaochora mistari ya tahadhari katika chati za udhibiti wa ubora wa maabara, nao una sura mbili: kugawanya kwa idadi ya vipimo, au kwa idadi hiyo ukitoa moja. R hutumia ya pili. NumPy, maktaba mashuhuri ya Python, hutumia ya kwanza usipoiambia vingine. Pandas, iliyojengwa juu ya NumPy, hutumia ya pili. Kwa vipimo vitano tofauti ni karibu asilimia 12. Kwa vipimo 20 hushuka chini ya asilimia 3. Maabara inayoanza kutumia kitendanishi kipya kwa vipimo vichache ndiyo inayoumia zaidi.

Kwa nini wasikubaliane tu? Kwa sababu kubadili maana ya amri leo ni kubadili kimyakimya majibu ya programu zilizoandikwa kwa miaka 30. Kamati za viwango zinalijua hilo, na ndiyo maana huongeza majina mapya badala ya kugeuza ya zamani. Java, kwa mfano, iliiacha logi yake kama ilivyokuwa na mwaka 2004 ikaongeza amri ya pili yenye kumi ndani ya jina lake.

Linalobaki mikononi mwetu

Hivyo basi, viwango vya lugha za programu vinasaidia amri ileile itoe jibu lilelile. Haviwezi kuamua ni amri ipi iliyofaa, wala ni wakati gani wa kukadiria. Uamuzi huo ni wa taaluma ya afya, na hadi sasa tumewaachia waandishi wa programu. Kituo kinaponunua au kutengeneziwa mfumo, inafaa maandishi ya mkataba yaeleze fomula na mwaka wake, vizio vinavyoingia, mahali pa kukadiria na njia yake, na kama hatua ya ugonjwa inasomwa kwenye namba kabla au baada ya kukadiriwa. Mfamasia na mtaalamu wa maabara wana neno hapa kuliko fundi wa kompyuta.

Mhudumu anayelinganisha majibu ya vituo viwili aanze na kreatinini yenyewe na kizio chake, kisha akokotoe upya yote mawili kwa chombo kimoja. Mgonjwa naye ana haki ya kuomba kreatinini iandikwe kwenye karatasi yake pamoja na kasi ya figo, na aitunze karatasi hiyo. Kwa kipimo cha awali, hesabu yoyote inaweza kurudiwa. Asiache dawa wala kupunguza dozi kwa sababu ya namba aliyoipata kwenye simu. Kikokotoo cha simu huendeshwa mara nyingi na JavaScript, ambayo kiwango chake kinapendekeza tu, bila kulazimisha, matumizi ya mbinu za fdlibm kwa amri kama logi na kipeo. Lakini kosa likiwepo, kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ni la kizio kilichoingizwa.

Chombo chochote cha kukokotoa figo kinaweza kujaribiwa kwa dakika mbili. Kiingizie mwanamke wa miaka 62 mwenye mikromoli 119: kwa fomula ya 2021 kinatakiwa kutoa 44.6, au 45 kama hakioneshi desimali. Kisha mwanamume wa miaka 30 mwenye mikromoli 70: 122.5, au 122 bila desimali. Mifano inahitajika miwili kwa sababu fomula ina matawi mawili, moja la kreatinini ya juu na jingine la kreatinini ya chini, na chombo kinaweza kupatia katika tawi moja huku kikikosea katika jingine. Kikitoa namba nyingine, mwiteni aliyekiandika kabla ya kumwita mgonjwa.